UZI: Kwenda Dubai kukagua fleti kabla ya kununua. Uangalie nini, upime nini, na wapi watu wanapigwa

#1 Mzee wa Ramani

Wakuu, heshima kwenu.

Maonyesho ya nyumba za Dubai yakifika kwenye hoteli za Nairobi na Dar, swali ni lilelile: "Developa gani ni mzuri?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: fleti hii, ndani ya jengo hili, inakula dirham ngapi kwa mwaka, na nani amethibitisha? Uzi huu ni wa mtu anayekwenda kuangalia nyumba iliyokwisha kujengwa. Nyumba ya ramani, yaani inayouzwa kabla ya kujengwa, tutaigusa baadaye, maana huko unachokagua ni makaratasi na kiwanja chenye vumbi.

Tuanze na mambo ya kumaliza ukiwa bado nyumbani.

Mgeni hanunui popote anapotaka. Sheria Na. 7 ya 2006 na kanuni zilizoifuata zilitenga maeneo ambako mtu asiye raia wa nchi za Ghuba anaruhusiwa kumiliki: Dubai Marina, Downtown, Business Bay, Jumeirah Lake Towers, Jumeirah Village Circle, Palm Jumeirah, International City, Discovery Gardens, Silicon Oasis na mengineyo. Wafanyabiashara wetu wanaijua Deira kama wanavyoijua Kariakoo, lakini sehemu kubwa ya Deira ya zamani na Bur Dubai haimo. Ukiuziwa fleti Naif, ndani ya Deira, omba nakala ya hati usome kipengele cha aina ya umiliki. Maneno ya mdomo yaache mezani.

Pakua programu ya Dubai REST ya Idara ya Ardhi ya Dubai. Kila dalali halali ana namba ya usajili inayoitwa BRN, ingiza uone kama bado ni hai na iko chini ya ofisi gani. Kila tangazo halali lina namba ya kibali cha Trakheesi (mfumo wa serikali wa vibali vya matangazo) na msimbo wa QR. Skani msimbo, kisha linganisha eneo, ukubwa na bei na kilichoandikwa kwenye tangazo. Tangazo lisilo na kibali mara nyingi ni chambo: picha kali, bei ya chini, ukifika unaambiwa "imeuzwa jana, ila nina nyingine". Hiyo "nyingine" ndiyo aliyotaka kukuuzia tangu mwanzo.

Ratiba: panga siku 5 za kazi. Tangu Januari 2022 mapumziko ya huko ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ofisi za serikali zinafunga mchana. Ramadhani saa za kazi zinapungua, usiende kipindi hicho kama unataka kukamilisha karatasi. Fleti 4 kwa siku zinatosha, na siku ya mwisho usiweke fleti mpya hata moja. Iache kwa kurudi kwenye zile 2 zilizobaki kichwani, kwa saa tofauti na ile ya mwanzo.

Na zile safari za "tiketi na hoteli juu ya developa"? Nenda kama unataka kula vizuri. Lakini ukishapanda gari lao, ratiba ni yao, na hakuna atakayekupeleka kwenye jengo lao la miaka 10 iliyopita uone lilivyochakaa. Hilo ndilo la kuomba uonyeshwe. Ukikataliwa, umeshapata jibu.

#2 Binti Pangani

Asante mkuu. Mimi dalali amenipangia fleti 11 kwa siku moja, anasema wateja wote hufanya hivyo. Pia ananishauri niende Januari kwa sababu hali ya hewa ni nzuri. Naomba na orodha ya vifaa vya kubeba, isiwe futi kamba tu.

#3 Fundi Baridi

Dada Binti Pangani, fleti 11 kwa siku ni dakika 10 kila moja. Utakumbuka rangi ya makabati, basi.

Kuhusu Januari: hali ya hewa ni nzuri kwako, siyo kwa ukaguzi. Januari kiyoyozi hakifanyi kazi ya maana, jua haliumi, na maji ya bomba yako sawa. Ukienda Julai au Agosti, joto limepita nyuzi 40, na kila udhaifu wa jengo unajitokeza wenyewe. Kama huwezi majira hayo, nenda hata mwisho wa Mei au Septemba.

Vifaa: kipimajoto kidogo chenye waya wa kuchomeka, kipima unyevu cha ukutani, tochi kali, futi kamba ya chuma ya mita 5, chaja ya simu ya kujaribia soketi, gololi moja, na chupa tupu ya maji ya lita 1.5. Vyote vinaingia kwenye mkoba.

Kiyoyozi ndiyo moyo wa fleti ya huko, kianze hicho. Kwenye majengo mengi baridi inatoka kwenye kifaa kilichofichwa juu ya dari, karibu na mlango wa kuingilia au bafu. Fanya hivi:

Mwombe dalali akiwashe, weka nyuzi 22, kisha subiri dakika 15 ukikagua vyumba vingine. Rudi upime hewa inayotoka kwenye tundu la kupulizia, halafu hewa inayorudi kwenye wavu wa kufyonza. Tofauti iwe kati ya nyuzi 8 na 12. Ikiwa chini ya 8, kuna jambo: chujio limeziba, koili ni chafu, vali ya maji baridi haifunguki vizuri, au feni imechoka. Chujio ni kazi ya dakika 5. Vali na koili ni hela.

Fungua kile kimlango cha dari kilicho chini ya kifaa. Hakifunguki kwa sababu kimepakwa rangi juu? Ina maana hakijafunguliwa kwa huduma tangu nyumba ipakwe. Mulika sinia la kukusanya maji: likiwa na matope meusi au maji yaliyotuama, bomba la kutolea maji limeziba, na siku moja litamwagika juu ya dari. Alama yake ni duara la rangi ya chai kwenye jipsamu. Fleti iliyopakwa rangi wiki iliyopita, tena dari peke yake, itazame mara mbili. Weka kipima unyevu palepale.

Harufu ya soksi mbichi ukifungua mlango ni ukungu. Tazama pembeni ya matundu ya hewa na nyuma ya makabati ya nguo yanayogusana na bafu.

Bafu: jaza ile chupa, mwaga sakafuni mbali na tundu la maji, uone yanaelekea wapi. Gololi itakuambia hilohilo. Maji yakikimbilia mlangoni, mteremko ni mbovu, na chini ya vigae unyevu umeshakaa. Kisha fungua bomba zote pamoja kwa dakika 10, sinki la jikoni nalo, halafu piga flashi. Presha ikishuka sana au tundu la sakafuni likianza kububujika, bomba la kushusha limeziba mahali. Fleti ya juu yako nayo ina bafu, kwa hiyo mulika dari ya bafu lako. Na hita ya maji iko huko huko juu, tafuta kutu kwenye maungio na mwaka ulioandikwa kwenye kibandiko.

Madirisha: pitisha kidole kwenye mpira wa kuzuia maji. Ukivunjika kama biskuti, jua limeshaumaliza. Tarehe 16 Aprili 2024 Emirates, Dubai ikiwemo, ilipata mvua kubwa kuliko zote kwenye kumbukumbu za miaka 75, na siku hiyo iliwaumbua wengi. Uliza maswali mawili kwa mlinzi au msimamizi wa jengo, usimuulize dalali: maji yaliingia kwenye fleti za upande gani, na maegesho ya chini yalifurika hadi wapi? Alama za maji kwenye nguzo za maegesho huwa zinabaki.

#4 Mombasani

Fundi amemaliza ndani, wacha mimi nisimame nje.

Lifti kwanza. Hesabu fleti za kila ghorofa, zidisha kwa ghorofa, gawa kwa lifti zinazofanya kazi (siyo zilizopo, zinazofanya kazi). Halafu nenda pale saa moja na nusu asubuhi watu wakitoka kwenda kazini na shuleni, usimame ukumbini dakika 20 na saa mkononi. Mtu wa ghorofa ya 30 akingoja lifti dakika 8 kila asubuhi, ataondoka mkataba ukiisha. Hiyo ni kodi yako inayoondoka.

Maegesho: hati inataja namba ya nafasi yako. Teremka uione. Nyingine iko katikati ya nguzo mbili, gari linaingia lakini mlango haufunguki. Na kama hati haitaji nafasi yoyote, ujue hujanunua nafasi, hata dalali akikuonyesha pazuri vipi.

Mandhari ya bahari: je, mbele yenu kuna kiwanja kitupu? Basi hayo mandhari ni ya kuazima. Ulizia kiwanja ni cha nani na kimeidhinishwa ghorofa ngapi. Usilipe nyongeza ya bei kwa kitu ambacho jirani anaweza kukiziba.

Dirisha la magharibi: fika kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, gusa kioo na ukuta wa ndani. Hapo utaelewa kwa nini fleti mbili zinazofanana zinatofautiana bili.

Moto: majengo ya zamani kidogo yalivikwa paneli za nje zinazoshika moto. Jengo la The Torch pale Marina liliungua Februari 2015, likaungua tena Agosti 2017. Hoteli ya The Address Downtown iliwaka usiku wa mkesha wa mwaka mpya wa 2016. Kanuni za moto zikakazwa baadaye, lakini jengo lililotangulia kanuni bado limesimama. Uliza kwa maandishi: paneli ni za aina gani, zimebadilishwa, na kama bado, gharama ya kuzibadilisha italipwa na nani? Jibu la mwisho kwa kawaida ni "wamiliki", yaani wewe.

Usafiri: "dakika 5 hadi metro" ni dakika 5 za gari. Tembea mwenyewe, mchana. International City na Silicon Oasis leo hazina metro. Laini ya Bluu ndiyo itakayopita huko, na imepangwa kufunguliwa Septemba 2029. Ukilipa bei ya 2029 leo, umelipia metro ambayo bado haipo.

Na pua nayo ibebe. International City kuna vipande ambavyo upepo ukigeuka unaleta harufu ya mtambo wa majitaka wa Al Awir. Ndiyo maana nasema rudi saa tofauti.

#5 Kijana wa Ubungo

Mbona mnatisha watu? Dalali wangu ananionyesha faida ya asilimia 8 kwa mwaka, na Dubai hakuna kodi ya mapato ya pango. Hapa Dar nani anapata 8?

#6 Mzee wa Ramani

@Kijana wa Ubungo hiyo 8 ni kodi ya pango kugawanya kwa bei ya tangazo, kabla ya chochote. Tuiweke kwenye mizani, kwa mfano wa fleti ya chumba kimoja, futi za mraba 750, bei dirham 900,000. Dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, kwa hiyo ni kama dola 245,000.

Siku ya kuhamisha umiliki:
Ada ya Idara ya Ardhi asilimia 4 = 36,000
Dalali asilimia 2 pamoja na VAT ya asilimia 5 = 18,900
Ofisi ya udhamini inayosajili uhamisho (bei ikianzia 500,000) = 4,200
Kuchapa hati = 580
Barua ya developa ya kutokuwa na pingamizi: kila developa ana bei yake, weka 1,000

Jumla kama 60,700. Fedha uliyozamisha ni 960,700.

Sasa kwa mwaka. Tuseme pango ni 70,000. Ada ya huduma ya jengo hutozwa kwa futi ya mraba. Tukiweka dirham 16, mara 750 ni 12,000. Wakala wa kusimamia asilimia 5 ni 3,500. Mwezi mmoja fleti ikae tupu mpangaji akibadilika, 5,800. Inabaki 48,700. Gawanya kwa 960,700: asilimia 5 na kidogo. Hapo hatujagusa ukarabati, wala baridi.

Ndiyo, baridi. Tangazo likisema "chila bure", yaani baridi ya kiyoyozi bila malipo, uliza bure kwa nani. Majengo mengi yanapata maji ya baridi kutoka kampuni ya nje kama Empower au Emicool. Bili ina sehemu mbili: matumizi, ambayo hulipwa na mpangaji, na ada ya uwezo uliotengwa, ambayo inakuja hata fleti ikiwa tupu na mapazia yamefungwa. Kwenye majengo mengine ada hiyo imo ndani ya ada ya huduma, kwa mengine inakuja peke yake kwa mwenye nyumba. Omba bili 12 za mwezi kwa mwezi. Bili moja ya Februari haikuambii kitu.

Ada ya huduma usiichukue mdomoni kwa mtu. Bajeti za majengo hupitishwa kupitia mfumo wa Mollak chini ya RERA, msimamizi wa mali isiyohamishika ndani ya Idara ya Ardhi, na tovuti ya Idara ya Ardhi ina faharasa ya ada: chagua mradi, mwaka, na utaona kiwango kilichoidhinishwa. Tazama miaka 3 mfululizo. Inayopanda kila mwaka na huku lifti ni mbovu, kuna shida ya uongozi. Inayoshuka sana nayo isikufurahishe, wanaweza kuwa hawaweki akiba ya matengenezo makubwa. Na omba taarifa inayoonyesha muuzaji hadaiwi. Bila kulipa deni hilo developa hatoi barua, na bila barua hakuna uhamisho.

Mimi fleti ya bei ndogo kwenye jengo lenye bwawa tatu, sinema na ukumbi wa mazoezi huwa naipita. Hivyo vyote vina mafundi, na mafundi wanalipwa kwa futi ya mraba.

#7 Kijana wa Ubungo

Nimeelewa mkuu. Sasa fleti ikiwa na mpangaji ndani, si ndiyo nzuri? Pesa inaingia tangu siku ya kwanza.

#8 Wakili wa Posta

Inategemea unanunua ya nini. Ukinunua kupangisha, sawa, ila soma mkataba uliosajiliwa Ejari (mfumo wa serikali wa mikataba ya pango), siyo ile nakala ya mkononi. Angalia kodi, tarehe ya mwisho, hundi za kodi zilizobaki na amana: vyote vihamie kwako siku ya uhamisho.

Ukinunua ili ukae mwenyewe, tahadhari. Kwa Sheria Na. 26 ya 2007 kama ilivyorekebishwa na Na. 33 ya 2008, kumtoa mpangaji kwa sababu ya kuuza au kutumia mwenyewe kunahitaji notisi ya miezi 12, itumwe kupitia mthibitishaji wa umma au barua iliyosajiliwa. Ujumbe wa WhatsApp hauhesabiki. Ukisikia "nimeshampa notisi", omba nakala yenye muhuri na tarehe, na jina la aliyeitoa.

Kupandisha kodi nako kuna ngazi, Amri Na. 43 ya 2013. Kodi iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 10 au pungufu haipandi. Kwa 11 hadi 20 inapanda kwa asilimia 5, 21 hadi 30 kwa 10, 31 hadi 40 kwa 15, zaidi ya 40 kwa 20. Kwa hiyo fleti yenye mpangaji wa kodi ya zamani usiihesabu kwa kodi ya soko la leo. Kikokotoo cha RERA ndicho kinachoamua, na tangu Januari 2025 faharasa yake inaangalia jengo lenyewe, siyo mtaa tu.

Nyaraka sasa. Fomu A ni ya muuzaji na dalali wake. Fomu B ni yako na dalali wako: kabla ya kusaini, soma inakubana kwa muda gani na kama inakuzuia kutumia dalali mwingine. Fomu F ndiyo mkataba wa mauziano. Hapo hutolewa hundi ya amana, kwa desturi asilimia 10, na hushikiliwa na dalali. Ukijitoa bila sababu iliyoandikwa humo, unaweza kuipoteza. Kwa hiyo masharti yako yaandikwe kwenye vipengele vya ziada: ukaguzi wa fundi upite, deni la ada lilipwe, kiyoyozi kitengenezwe, fleti ikabidhiwe tupu tarehe fulani. Mahakamani Kiarabu ndicho kinachotangulia, hivyo maneno yako yawepo pande zote mbili, wa Kiarabu na wa Kiingereza.

Muuzaji akiwa na mkopo, hati imefungwa na benki. Mara nyingi fedha ya mnunuzi ndiyo inayolipa deni hilo kwanza. Usiingie humo bila mwanasheria wa uhamisho au bila fleti kuzuiwa kwa jina lako kwenye ofisi ya udhamini, isiuzwe kwa mwingine.

#9 Mombasani

Wakili, na yule asiyeweza kurudi tena siku ya uhamisho? Binamu aliye Sharjah anaweza kumsainia?

#10 Wakili wa Posta

Anaweza, kwa hati ya uwakilishi. Ukiwa bado Dubai baada ya ukaguzi, iandikie hukohuko kwa mthibitishaji, ni njia fupi. Ukishaondoka, mlolongo ni mrefu: mthibitishaji wa nyumbani, Wizara ya Mambo ya Nje, ubalozi wa Emirates, halafu Wizara ya Mambo ya Nje ya Emirates, na tafsiri ya Kiarabu ya mfasiri aliyesajiliwa. Muhuri mmoja ukikosekana, unarudi mwanzo.

Andika mipaka. Taja fleti kwa namba, jengo, na bei ya juu kabisa. Usiandike "anunue, auze na apokee fedha kwa niaba yangu" kwa sababu tu mfano uliopewa unasema hivyo. Hata kwa binamu.

#11 Mpenda Ramani

Mnapoteza muda na majengo ya zamani. Nyumba ya ramani unalipa asilimia 20, unaingia polepole, ukikabidhiwa bei imepanda. Kuna haja gani ya kupima hewa?

#12 Mzee wa Ramani

Hayo yalisemwa pia 2007. Mwaka 2009 miradi mingi ilisimama na bei zikaporomoka vibaya. Sheria zilizopo leo nyingi ni matokeo ya kipindi kile.

Ukichagua ramani, ukaguzi wako ni huu. Thibitisha mradi kwenye Dubai REST: umesajiliwa, asilimia ya ujenzi ni ngapi kwa ukaguzi wa serikali (siyo kwa brosha), na akaunti ya amana ya mradi ni ipi. Sheria Na. 8 ya 2007 inataka malipo ya wanunuzi yaingie kwenye akaunti hiyo ya mradi. Ukipewa akaunti ya ofisi ya dalali au "kampuni dada", funga mkoba. Baada ya kulipa, fleti isajiliwe kwa jina lako kwenye Oqood, sajili ya nyumba za ramani.

Fleti ya maonyesho haipo kwenye mkataba. Vitanda vyake mara nyingi ni vifupi kuliko vya kawaida, milango imeondolewa, taa zimeongezwa. Chukua futi kamba, pima chumba, kisha linganisha na mchoro uliowekwa kama kiambatisho cha mkataba. Eneo linalouzwa linajumuisha baraza, kwa hiyo futi 750 zenye baraza la 110 ni futi 640 za kukaa. Tena kanuni zinamruhusu developa kupungukiwa hadi asilimia 5 bila kukulipa fidia.

Na ukishindwa kuendelea na malipo: Sheria Na. 13 ya 2008, kama ilivyorekebishwa, inamruhusu developa, baada ya taratibu za notisi, kubaki na hadi asilimia 40 ya thamani ya mkataba mradi ukishavuka asilimia 60 ya ujenzi, na hadi 25 kama ujenzi umeanza lakini uko chini ya hapo. Ya thamani ya mkataba, siyo ya ulicholipa. Isome tena hiyo, ndugu Mpenda Ramani.

Siku ya makabidhiano fanya ukaguzi wa kasoro kwa fundi wako kabla ya kupokea funguo. Kwa Sheria Na. 6 ya 2019 developa anawajibika mwaka 1 kwa mitambo na mabomba, na miaka 10 kwa kasoro za muundo wa jengo.

#13 Bint Seif

Hamjambo. Mmesahau mirathi. Mwenye mali akifa, hati haihami kwa barua ya ukoo kutoka Unguja wala Mombasa. Kwa Muislamu mahakama itagawa kwa sharia. Asiye Muislamu anaweza kusajili wasia Dubai, na afanye hivyo wakati uleule wa kununua. Mke na mume wakinunua pamoja, hati itaje hisa za kila mmoja.

Na kwa wenye jamaa Muscat: Oman mgeni ananunua ndani ya miradi maalumu ya utalii kama Al Mouj, chini ya sheria ya 2006. Ukaguzi ni huohuo wa Fundi Baridi, ongeza chumvi. Kwa nyumba za pwani kabisa tazama kutu kwenye vifaa vya kiyoyozi vya nje, bawaba za milango na vyuma vya baraza. Bomba la chuma lililotoa magamba ni la kubadilisha.

#14 Binti Pangani

Nashukuru sana. Fedha je? Benki yangu Dar inauliza maswali mengi, na dalali ananiambia nibebe tu taslimu.

#15 Wakili wa Posta

Usibebe. Fedha isiyo na njia iliyoandikwa itakusumbua siku ya kununua na itakusumbua zaidi siku ya kuuza. Kwa mkaazi wa Tanzania, kutoa mtaji kwenda kununua mali isiyohamishika nje kuna masharti ya sheria ya fedha za kigeni. Mwone afisa wa benki kabla ya safari, upate maelezo ya Benki Kuu kwa maandishi. Kenya walifuta udhibiti wa fedha za kigeni 1995, lakini nchi iliingia kwenye orodha ya kijivu ya FATF (chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha), yaani nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Februari 2024. Tanzania iliingia Oktoba 2022 na ikatoka Juni 2025. Kwa hiyo benki za Dubai zinauliza chanzo cha fedha kwa makini. Andaa taarifa za benki za miezi 6 au zaidi, hesabu za biashara, vyeti vya kodi, na kama uliuza kiwanja, mkataba wa mauzo yake.

Malipo ya uhamisho kwa desturi ni hundi ya benki kwa jina la mwenye hati. Jina la hundi na jina la hati yafanane herufi kwa herufi. Usikubali "andika kwa jina la mdogo wangu".

#16 Fundi Baridi

Jambo moja la mwisho kwa Binti Pangani. Siku ya uhamisho, asubuhi, rudi kwenye fleti kabla ya kwenda ofisi ya udhamini. Washa kiyoyozi upya, upime upya, fungua bomba zote. Hesabu rimoti, kadi za kuingilia, kadi ya maegesho na funguo za sanduku la barua, kwa sababu kadi iliyopotea inalipiwa kwa uongozi wa jengo. Piga picha mita ya umeme, ya maji na ya baridi, tarehe ionekane, na uhakikishe muuzaji amefunga akaunti yake ya DEWA, mamlaka ya umeme na maji, kwa bili ya mwisho. Kufungua yako wewe kuna amana ya dirham 2,000 kwa fleti, na 4,000 kwa nyumba ya peke yake. Fundi wa baridi akikuambia kampuni imefunga vali kwa deni la mwenye nyumba aliyepita, usisaini mpaka vali ifunguliwe mbele yako.